Kabla hujasema mpaka wako wa oksaidi ni sumaku

"Dada, imeshika! Ni sumaku!"

Ujumbe uliingia saa nne usiku, kutoka kwa kijana wa Mombasa aliyeko mwaka wa kwanza wa uzamivu kwenye maabara yetu huku Ulaya. Chini yake aliweka picha ya grafu: kitanzi kizuri, kimefunguka katikati, kimelala bapa pande zote mbili kama vinavyochorwa vitabuni, tena kimepimwa kwenye jotoridi la chumba. Kitanzi cha namna hiyo, usumaku ukichorwa dhidi ya uga wa sumaku unaopandishwa na kushushwa, ndiyo alama ya kitu kinachobaki sumaku hata uga ukiondolewa. Sampuli yake ilikuwa matabaka 10 ya lanthanamu alumineti juu ya strontiamu titaneti. Sikumpongeza. Nilimuuliza swali moja tu: "Uliishika kwa kibano gani?"

Akachelewa kujibu. "Kile cha droo ya pili, dada. Cha chuma."

Kesho yake tuliketi pamoja hadi chakula cha mchana kikapoa. Mwongozo huu ni niliyomwambia siku ile, na mengine niliyoyakumbuka baadaye. Nauandika kwa Kiswahili kwa sababu najua wapo wadogo zetu wengine walio njiani kuja kwenye kazi hii, na mimi mwenyewe ningeokoa wiki saba za maisha yangu kama mtu angenieleza haya kwa lugha ninayoiotea ndoto.

Kwanza ujue unachokitafuta. Strontiamu titaneti, fuwele ya oksaidi, haipitishi umeme. Lanthanamu alumineti nayo haipitishi. Mwaka 2004 watafiti Ohtomo na Hwang walionyesha kwamba ukiiotesha moja juu ya nyingine, tabaka kwa tabaka, pale zinapokutana, yaani kwenye mpaka, panazaliwa elektroni zinazotembea kwa wepesi, zimebanwa kwenye unene wa nanomita chache. Ndiyo gesi ya elektroni ya vipimo viwili. Mwaka 2006 Thiel na wenzake wakaonyesha kwamba gesi hiyo haitokei mpaka ufikishe matabaka 4 ya alumineti. Kwenye matabaka 3 mpaka umekufa, kwenye 4 umeamka. Mwaka 2007 yakaja mambo mawili kwa mpigo. Brinkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, waliona dalili za usumaku kwenye mpaka huo, ilhali hakuna hata atomi moja ndani yake ambayo kwa kawaida tungeiita ya sumaku. Reyren na wenzake wakaona upinzani wa umeme ukitoweka kabisa chini ya kelvini 0.2 hivi, yaani mpaka umegeuka superkondakta.

Usumaku na usuperkondakta kwa desturi haviishi nyumba moja. Kwa hiyo mwaka 2011 watu wengi walishtuka pale Lu Li, Ashoori na Mannhart na wenzao, kwa kupima msokoto wa sampuli ndani ya uga wa sumaku, na kundi la Moler la Stanford, kwa kupitisha kihisi kidogo juu ya sampuli, waliposema vyote viwili vimo ndani ya kipande kimoja. Kundi la Stanford liliona usumaku ukiwa mabaka mabaka, haukutandazwa kama shuka. Mwaka huohuo Fitzsimmons na wenzake walitumia neutroni, na usumaku wa ukubwa uliokuwa ukitangazwa hawakuuona. Watu makini, mashine nzuri, majibu yanagongana. Mimi sidhani kuna aliyedanganya. Nadhani ishara yenyewe ni ndogo kiasi kwamba chochote kinaweza kuivaa sura.

Chukua kalamu tupige hesabu, maana hesabu hii ndiyo iliyobadilisha namna ninavyoingia maabara.

Kipande chetu cha kawaida ni milimita 5 kwa 5. Seli moja ya fuwele ya strontiamu titaneti ina upande wa nanomita 0.3905. Gawanya eneo kwa eneo: kwenye tabaka moja la mpaka zinakaa seli trilioni 164. Sema kila seli inabeba magnetoni moja ya Bohr, yaani usumaku wa takriban elektroni moja, ambayo ni 9.27 × 10⁻²¹ emu (emu ndicho kipimo chetu cha ukubwa wa usumaku), na zote zimeelekea upande mmoja. Jumla yake ni 1.5 × 10⁻⁶ emu. Huo ni mpaka wenye usumaku wa ukarimu kabisa. Vipimo vya msokoto vya mwaka 2011 vilitoa kama theluthi ya hapo.

Sasa chuma. Chuma safi kikishiba uga hutoa emu 218 kwa kila gramu. Ili upate 1.5 × 10⁻⁶ emu unahitaji nanogramu 7 tu. Ukizikusanya nanogramu 7 za chuma ziwe mchemraba, upande wake ni mikromita 10 hivi, mwembamba kuliko unywele wa kichwa chako mara tano au zaidi. Chembe moja ya namna hiyo ikibaki kwenye kona ya fuwele, mashine itakuonyesha usumaku sawa na seli trilioni 164 zilizokubaliana. Nayo itaonyesha kitanzi kizuri kwenye jotoridi la chumba, kwa sababu chuma hakiachi usumaku wake mpaka kifike kelvini 1043.

Tulipokuwa watoto Tanga tulikuwa tunabomoa spika mbovu, tunatoa sumaku, tunaifunga kamba na kuiburuta mchangani. Ikirudi imeota ndevu nyeusi. Ndevu zile ni magnetaiti, na zimo kwenye mchanga, kwenye vumbi la barabarani, kwenye soli ya kiatu ulichoingia nacho asubuhi. Kila ninapofungua boksi la fuwele huwa naziona zile ndevu.

Kwa hiyo tuanze na mikono.

Tafuta kibano cha plastiki, cha seramiki au cha titani, ukiandike jina lako, na usimwazime mtu. Kibano cha chuma kisichoshika kutu kinaonekana safi na ndiyo shida yake: ukibana fuwele ngumu, ncha inakwanguka na kuacha mstari usiouona kwa macho. Hili limeandikwa wazi tangu 2005, pale Abraham na wenzake walipochunguza filamu za hafniamu oksaidi zilizosemekana kuwa sumaku, wakakuta kwamba ukizishika kwa kibano cha chuma zinaonyesha usumaku, na usipozigusa kwa chuma hazionyeshi kitu. Mwaka 2010 Khalid na wenzake wakapima fuwele za kawaida za madukani, strontiamu titaneti ikiwemo, zikiwa tupu bila filamu yoyote, wakakuta vitanzi vidogo karibu kila mahali. Fuwele yako inaweza kufika ikiwa tayari imechafuka kutoka kwa aliyeikata na kuing'arisha. Usiandike alama nyuma yake kwa sindano ya chuma. Ukihitaji kuikata, tumia waya wa almasi, kisha ioshe. Badilisha glavu kila unapogusa kitasa cha mlango.

Halafu mapacha. Hapa ndipo ningependa upoteze muda kuliko mahali pengine popote. Usinunue fuwele moja. Nunua angalau tano zilizokatwa kutoka bonge moja, na kila moja ipime kwenye mashine kabla hujaifanyia lolote. Pacha wa kwanza anabaki hivyohivyo, kwenye kasha lake, hadi mwisho wa kazi. Wa pili anapitia asidi na tanuri, basi. Wa tatu anapitia asidi na tanuri, anaingia kwenye chemba ya kuoteshea, anapashwa moto, anapata oksijeni ileile kwa muda uleule, ila leza, ile inayovukiza alumineti ili itue juu ya fuwele, haipigwi. Huyu wa tatu ndiye shahidi wako mkuu, na ndiye ambaye karibu kila mtu anamruka kwa sababu anachukua siku nzima ya chemba na hatoi filamu yoyote. Wa nne anaoteshewa matabaka 2 au 3, chini ya kizingiti, kwa hiyo hapitishi umeme. Wa tano ndiye mwenye gesi. Kama kitanzi kipo kwa wa tano na hakipo kwa wanne wengine, hapo tuna la kuzungumza. Kama kipo kwa wa tatu, rudi kafue chemba.

Mimi sikuwa na mapacha. Mwaka wangu wa kwanza nilipata kitanzi cha mikroemu 2, nikatengeneza slaidi, nikamwonyesha msimamizi wangu, nikaanza hata kuchagua kichwa cha makala. Wiki ya saba nikachukua fuwele tupu kutoka kwenye boksi jipya, nikaishika kwa kibano kilekile, nikaigeuzageuza kama nilivyozoea, nikaipima. Mikroemu 2. Nilikaa mbele ya kompyuta hadi taa za korido zikajizima. Nilikuwa nimepima kibano kwa wiki saba.

Sasa asidi. Ili gesi itokee, uso wa strontiamu titaneti lazima umalizikie kwenye tabaka la titani na oksijeni, si la strontiamu. Njia tunayotumia ilitoka kwa Kawasaki mwaka 1994 na ikaboreshwa na Koster mwaka 1998: loweka fuwele kwenye maji safi kabisa, itikise kwa mawimbi ya sauti, kisha itie kwenye asidi ya haidrofloriki iliyopozwa makali kwa sekunde 30, isuuze, uipeleke tanurini kwenye oksijeni kwa nyuzi 950 za selsiasi kwa saa moja au zaidi. Ikitoka, itazame kwa hadubini ya nguvu za atomi. Unataka kuona ngazi, kila kidato kina kimo cha nanomita 0.39, kingo zake zimenyooka kama matuta ya mpunga. Ukiona nusu kidato, rudia. Asidi hii haina mchezo: inapenya ngozi bila kuuma mara moja na inafuata kalsiamu mwilini, kwa hiyo usiiguse peke yako maabara, na jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani tayari imefunguliwa. Chombo cha kushikia fuwele ndani ya asidi ni plastiki. Na kile kijahazi cha alumina unachotumia tanurini kiwe chako peke yako. Kama mtu aliwahi kuchomea poda ya kobalti humo, utaipata.

Kuotesha kwenyewe nitapita haraka, kwa sababu kila chemba ina tabia zake na utafundishwa na aliyeizoea. Leza ya nanomita 248, fuwele kwenye nyuzi 750 hadi 850, na miali ya elektroni inayogonga uso kwa pembe ndogo ili uhesabu matabaka: mwangaza ukipanda na kushuka mara moja, tabaka moja limekamilika. Nina mambo mawili tu ya kusisitiza.

La kwanza ni oksijeni. Ukiotesha kwenye kanieneo la chini, kama milibari 10⁻⁶, na usiirudishie fuwele oksijeni baadaye, utanyonya oksijeni kutoka strontiamu titaneti na kuacha mapengo. Kila pengo linaachia elektroni, nazo zinaenea ndani ya fuwele nzima. Utapima elektroni 10¹⁶ au zaidi kwa sentimita mraba, ufurahi, kumbe huna vipimo viwili bali unene wote wa fuwele, nusu milimita nzima. Nusu elektroni kwa kila seli, ambayo ndiyo hoja ya kinadharia ya mpaka huu, ni 3.3 × 10¹⁴ tu kwa sentimita mraba, na sampuli nzuri huwa chini ya hapo. Tumia milibari 10⁻⁴ au 10⁻³, na ukimaliza ujaze chemba oksijeni mamia ya milibari na uikalishe fuwele kwenye nyuzi 600 kwa saa moja. Uandike kila namba. Mapengo haya si usumbufu tu: Salluzzo na wenzake mwaka 2013 waliuhusisha usumaku wenyewe na titani zilizo karibu na mapengo ya oksijeni. Asiyejua oksijeni yake ilikuwa ngapi hawezi kueleza usumaku wake ulitoka wapi.

La pili ni majirani. Uliza ni nini kingine kinachooteshwa kwenye chemba hiyo. Maabara nyingi za oksaidi huotesha manganaiti ya lanthanamu na strontiamu, ambayo ni sumaku hadi kelvini 370 hivi, na strontiamu rutheneti, ambayo ni sumaku hadi 160. Vumbi lao limo kwenye kuta na kwenye kipasha moto. Kitanzi chako kikifa karibu na kelvini 160, usianze kuandika nadharia mpya. Nenda kaangalie daftari la chemba. Gundi ya fedha nayo, ile ya kubandikia fuwele kwenye kipasha moto, ukiibandua kwa wembe unaiachia fuwele chuma cha wembe. Ibandue kwa kipande cha kioo.

Tufike kwenye kupima. Mashine ya SQUID ina pete ya superkondakta inayohisi mabadiliko madogo sana ya uga, inafika 10⁻⁸ emu ukiitunza. Lakini unaipa kazi ngumu. Fuwele yako ina uzito wa miligramu 64 hivi, nayo inasukumana na uga: kwenye tesla 1 inatoa makumi ya mikroemu kuelekea upande wa pili. Mpaka wako, hata kwa ule ukarimu wetu wa magnetoni moja, ni mikroemu 1.5. Unatoa mstari mkubwa ili ubakiwe na kitu kidogo, na kosa la asilimia chache kwenye mstari linaweza kukutengenezea kitu. Pima mteremko kwenye uga wa juu tu, ambapo kitanzi kimekwisha kulala, na siku zote weka grafu mbichi kando ya grafu iliyosafishwa. Mtu akinionyesha iliyosafishwa peke yake huwa namwomba mbichi kwanza.

Kishikio kiwe mrija safi au kwartzi, na ukipime kikiwa kitupu. Achana na vipande vya utepe, hukusanya vumbi.

Kuna hadaa moja iliyompata huyu kijana wa Mombasa hata baada ya kubadilisha kibano, kwa hiyo naieleza taratibu. Sumaku kubwa ya mashine, ukiipandisha hadi tesla 5 na kuirudisha, hubaki na masalia. Skrini inasoma sifuri, lakini ndani mna uga wa makumi ya orstedi (orstedi 10,000 ni sawa na tesla 1). Sampuli yako ambayo ni mstari mnyoofu inapimwa ikiwa imesogezwa kidogo wakati wa kupanda na kidogo upande wa pili wakati wa kushuka. Mistari miwili isiyokutana: kitanzi! Alinionyesha, nikamwambia afuate mishale. Chake kilikuwa kinazunguka kinyume cha kile cha sumaku halisi. Tukaweka kipande cha paladiamu, ambacho kinajulikana kuwa mstari mnyoofu, nacho kikatoa kitanzi. Basi kitanzi kilikuwa cha mashine. Rudisha uga sifuri kwa kuyumbisha, mbele na nyuma, kila mara kidogo zaidi, kabla ya kila kipimo cha uga mdogo. Na ukiona kinundu karibu na kelvini 50, hiyo ni hewa iliyopenya ikaganda. Oksijeni iliyoganda ina usumaku wake. Toa hewa, jaza heliamu, toa tena, mara kadhaa, fuwele ikiwa bado na joto la chumba.

Kwa upande wa umeme, tumia waya za alumini zinazopenyezwa kwa mitetemo hadi mpakani, na iweke sampuli gizani usiku kucha, kwa sababu mwanga unazalisha elektroni za ziada kwenye strontiamu titaneti na zinachukua muda mrefu kuondoka. Kisha uwe mgumu kushawishika. Mstari wa Hall, yaani volti inayojitokeza kando ya mkondo uga unapopanda, ukipinda, wengi hukimbilia kusema ni Hall ya usumaku. Elektroni hizi zinakaa kwenye obiti tofauti za titani, zile za bapa na zile zilizosimama, na makundi mawili yenye wepesi tofauti yanatosha kuupinda mstari bila usumaku wowote. Joshua na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba kundi la pili huingia pale msongamano unapovuka 1.7 × 10¹³ kwa sentimita mraba. Punguza elektroni kwa volti ya geti, volti ya nje inayozisukuma au kuzivuta, hadi chini ya hapo. Kama mpindo unatoweka, ulikuwa wa makundi mawili. Na ukiona kitanzi kwenye upinzani karibu na kelvini 0.3, badilisha kasi ya kupandisha uga. Kitanzi kinachopungua ukienda polepole kinaweza kuwa joto tu, fuwele inapashwa na kupozwa na uga unaosogea.

Ukivuka yote haya na bado una ishara, basi tafuta kipimo kinachouliza *nani* ni sumaku. Miali ya eksirei iliyopindwa kulia na kushoto, kwenye nishati ya titani, kati ya elektronivolti 455 na 470, inakujibu kuhusu titani peke yake. Chembe ya chuma haina sauti pale. Utaomba muda kwenye sinkrotroni, ile mashine kubwa inayotoa miali hiyo, na utasubiri. Ukiwa unasubiri, kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kila mwaka: badala ya kuwinda usumaku usiojulikana ulikotoka, uweke mwenyewe. Stornaiuolo na wenzake wa Napoli mwaka 2016 walipenyeza matabaka machache ya uropiamu titaneti kati ya zile mbili, wakapata gesi yenye usumaku chini ya kelvini 10, unaoweza kupandishwa na kushushwa kwa volti, na superkondakta ikabaki. Hapo unajua atomi ya sumaku ni ipi, iko tabaka la ngapi, na ukiiondoa nini kinapotea.

Kijana wetu ameagiza fuwele tano. Pacha wa kwanza na wa pili wameshapimwa na kibano cha plastiki: mistari minyoofu, hakuna kitanzi. Jana jioni alinipigia simu kuniuliza kama kweli lazima ampitishe wa tatu chembani bila leza, maana zamu yetu ni siku moja tu kwa wiki. Nikamwambia ndiyo, mdogo wangu, na nitakuja tukae wote. Tumeandikishwa Jumatatu kuanzia saa mbili asubuhi.